Honi Mbele ya Mlango wa Solange

Wadogo zangu wa jile mpya, hizi fulana za waendesha pikipiki, naona mmeanza kuniita muzee. Juzi mmoja wenu aliinuka kwenye benchi pale parkingi, kituoni petu, akaifuta kwa mkono wa shati, akasema, "Ikala, muzee, pumuzika." Nilikaa. Nilikaa kwa hasira, lakini nilikaa. Nina miaka thelathini na tisa! Ila pikipiki ina namna yake ya kuhesabu miaka, na goti langu la kulia lilistaafu kabla yangu. Miaka kumi na sita ya kupiga kiki kila asubuhi, baridi ya Kanama, jua la ufukweni, mpaka goti likasema sasa basi. Nikarudisha jile, nikapanga meza yangu ndogo karibu na soko la Gisenyi, nauza kofia za pikipiki na makoti ya mvua. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa mimi nacheka peke yangu.

Hamkuniomba ushauri, najua. Lakini mnapokuja kununua koti mnasimama hapo mnapiga hadithi, na nimesikia mnavyosema kazi hii ni spidi na kujua njia za mkato. Njia za mkato mtazijua kwa mwezi mmoja. Nataka kuwaambia mambo mengine.

Nyinyi mna bahati. Pikipiki zenu za betri zinapita kimya kama paka aliyeiba samaki. Mteja anawalipa kwa simu, mnaondoka bila hata kunuka mafuta. Sisi tulinuka. Mke wangu Solange alinitambua kwa harufu kabla sijafika mlangoni. Lakini kuna mambo ambayo betri haijayabadilisha. Barabara ya kwenda Nyamyumba ina kona zile zile, dodani, yale matuta ya barabarani, bado zinaota mahali ambapo jana hazikuwepo, na akina mama wenye mimba bado wanapanda.

Kazi nilifundishwa na Shefu Bosco, mkubwa wa parkingi yetu wakati huo. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, amekulia upande wa Goma, na sauti yake ilikuwa ikitangulia kufika kabla ya pikipiki yake. Mimi wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania, nikasoma huko mpaka darasa la sita, na Kiswahili changu kiliwachekesha wote. Nikimwambia mteja "tafadhali sogea mbele kidogo," parkingi nzima inashika mbavu.

"We Tanzania," Bosco alikuwa akiniambia, "hapa hatuko ku radio. Sema kama mutu."

Jina likanata. Mpaka leo wako watu wanaoamini kwamba Tanzania ndilo jina langu la ubatizo.

Somo la kwanza la Bosco lilikuwa chai. Alinunua kikombe cha chai ya maziwa, kimejaa mpaka ukingoni, akapanda nyuma yangu nacho mkononi, akasema, "Twende ku maji moto." Yaani zile chemchemi za Nyamyumba, safari nzima kando ya ziwa. Kila tone lililomwagika alinipiga konzi juu ya kofia. Tulipofika, chai iliyobaki ilikuwa ya kulowesha ulimi tu, na suruali yake imelowa mapajani.

"Unaona? Huyu mama amekwisha kuzalia ku barabara," akasema. "Kesho tunaanza tena."

Ilinichukua siku tisa. Siku ya tisa alikaa juu ya jiwe kando ya maji moto akanywa chai yote, hakunipa hata funda moja.

Basi shikeni hili. Mama mwenye mimba usimwambie "panda haraka." Laza pikipiki kidogo upande wake, weka mguu chini imara, mwache ashike bega lako. Dodani usiisubiri mpaka uione mbele ya gurudumu. Punguza mapema, uivuke kama mtu anayepanda kitandani mwenzake akiwa amelala. Mwendo wenyewe uwe wa mtu asiye na haraka hata kama mama ana haraka. Na usimpe hongera. Hilo mtaniuliza kwa nini, kwa hiyo nawajibu sasa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimchukua mama mmoja mlangoni mwa hospitali. Tumbo lilikuwa bado kubwa, mkononi ana kifurushi kidogo cha nguo. Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Njia nzima nilimpongeza. Nikamwambia nitakuja kumchukua siku yenyewe, nikamwambia mtoto akiwa wa kiume amfundishe mapema kuogopa pikipiki. Alipofika kwake alishuka, akanirudishia kofia, akasema taratibu, "Asante. Umenibeba vizuri." Nikaondoka nikipiga mluzi. Miaka mingi ikapita kabla sijaelewa kwamba mama yule alikuwa anatoka kujifungua mtoto asiye hai, na kwamba tumbo la mwanamke halijui habari hiyo, linabaki vile vile siku kadhaa. Nilielewa siku nilipompakia Solange mlangoni pale pale.

Nina ndoto moja, msinicheke. Nachora kwenye daftari pikipiki yenye kigari pembeni, kina kiti cha sponji na kipaa cha mvua, mama anakaa humo kama malkia wa sherehe. Fundi niliyemwonyesha mchoro aliuliza kama ni jeneza la mbuzi. Nimemsamehe. Mchoro wa pili una magurudumu mazuri zaidi. Haya, turudi kwa Solange.

Solange alikuwa anasuka nywele nyumbani. Mlangoni kwetu hapakukosa wanawake watatu wanne, mmoja amekaa kati ya magoti yake, wengine wanasubiri na kuwasema watu. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza kusema watu. Nilimpenda kwa kicheko. Anacheka mpaka anapiga ukuta.

Mimba yetu ya kwanza ilifika mwezi wa saba. Jumamosi moja asubuhi akaniambia, "Mutoto leo amenyamaza sana." Nilimpakia, nikaenda mwendo wa chai. Hospitali wakasikiliza, wakasikiliza tena, wakamwita mwingine naye asikilize. Moyo ulikuwa umesimama. Solange alijifungua kwa kazi ile ile wanayoifanya wanawake wote, na mwisho wake chumba kikabaki kimya. Msichana. Nilimbeba. Alikuwa na paji pana la mama yake, na vidole virefu vya miguu ambavyo ni vyangu, maskini. Tukamzika.

Watu wetu si wabaya, lakini jambo hili hawakuwa na namna yake. Mtu akifiwa na mzazi, majirani wanajaza nyumba, wanalala sebuleni, wanapika. Mtu akijifungua, wanamjia mama na unga wa uji, na maziwa, na nguo. Sisi hatukuwa huku wala kule. Jirani yetu Mama Belise, mwanamke mwema kabisa, alisimama mlangoni akasema, "Nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine," akaacha ndizi, akaenda mbio. Wateja wa nywele wakaacha kuja. Si kwa ubaya. Waliogopa kukaa kati ya magoti ya Solange na kukosa la kusema. Naye akakaa kitandani akiutazama ukuta, hali, hasemi, na mimi nikawa natembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu kama mwizi.

Siku ya nne nikarudi kazini. Sijafika hata kuzima pikipiki, Bosco akapiga kelele, "Tanzania! Madamu amezala?"

Nikasema, "Amejifungua."

"Nini?"

"Msichana."

"Muzima?"

Wadogo zangu, neno moja tu lilitakiwa hapo. Nilifungua mdomo kulisema. Lakini walikuwa wamenizunguka, watu kumi na saba wenye jile, wote meno nje, na hakuna mtu aliyekuwa amenitazama kwa furaha tangu Jumamosi. Nikasema, "Mzima."

Tigre, yule mdogo kuliko wote, aliyependa kupaka pikipiki yake mistari ya chui milia na kuiita ya simba, akabonyeza honi. Wengine wakabonyeza. Wakaninyanyua juu nikiwa na kofia kichwani. Na mimi, niseme ukweli, nilicheka. Nilicheka na nikaona raha.

Basi nikaanza kuishi maisha mawili. Nyumbani mtoto hayupo na hatumtaji. Parkingini yupo, na kila siku anakua. "Anafanana na nani?" Mama yake, nasema, hasa paji. "Analia usiku?" Analia, tena kwa sauti ya bass. "Ananyonya?" Kama pikipiki kuukuu inavyokunywa mafuta. Nilikuwa natoka kwa mteja mbio ili nirudi niulizwe tena. Wakaanza kugombana juu ya jina. Tigre alitaka aitwe Première, kwa heshima ya gia ya kwanza.

Siku ya Alhamisi Bosco akanishika bega. "Samedi ni siku ya nane, na ni umuganda, hakuna mutu anafanya kazi mbele ya saa tano. Donc, tukimaliza umuganda tunakuja wote kwako. Tunaona mama, tunaita mutoto jina."

Jumamosi, baada ya kazi ya mtaa, keshokutwa tu! Kwetu siku ya nane watoto wa majirani wanaitwa, wanapewa chakula, na kila mmoja anamtajia mtoto mchanga jina analotaka yeye, hata liwe la kichekesho. Mwisho wazazi ndio wanataja jina la kweli. Na mimi mtoto wangu wa kutajwa alikuwa udongoni, na mke wangu hakujua kwamba nimekuwa nikimfufua kila asubuhi mbele ya watu, nikichekelea.

"Shefu," nikasema, "kuna kitu…"

"Usihangaike na chakula! Sisi tunaleta!"

Jioni nikajaribu tena. Akanionyesha beseni la rangi ya waridi la kumwogeshea mtoto, amelifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, akiligonga kama ngoma. Nikashindwa.

Ijumaa nilimpeleka Kanama bibi mmoja mwenye gunia la maharage. Hili nalo ni la kazi, lisikieni. Mteja anaongea na kisogo chako, na wewe unaongea na barabara, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuambiana juu ya pikipiki maneno ambayo hawawezi kuambiana wakitazamana. Bibi aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia yote. Uongo, beseni, Tigre, vidole vya miguu. Nililia mpaka kioo cha kofia kikafanya ukungu na nikawa sioni kona.

"Simamisha hii kitu, kijana wangu," bibi akasema, "mbele hujaniua na maharage yangu."

Nikasimama kwenye shamba la viazi. Alishuka, akakaa juu ya gunia, akapangusa kioo changu kwa kitenge chake.

"Mi nilipoteza wawili vile," akasema. "Wa kwanza ingekuwa sasa mutu mukubwa, na ndevu. Hakuna mutu alikuja. Kesho yake nililima. Unajua nilitaka nini? Nilitaka mutu akuje hata kuniomba chumvi. Halafu aniulize."

"Akuulize nini, bibi?"

"Vile alikuwa. Mi nilimuona, sindiyo? Nilikuwa na kitu ya kusema, na hakuna mutu aliuliza." Akasimama, akajikung'uta. "Bon. Twende. Na utapunguza bei, umenichelewesha na machozi yako."

Nilirudi mjini nimeamua. Namwambia Bosco leo leo. Bosco alikuwa ameondoka kwenda kununua unga wa uji, na simu yake haikupatikana. Na Solange? Nilimkuta amelala, au amejifanya. Nikasema moyoni, kesho umuganda ukiisha nitakimbia barabarani, nitawazuia kabla hawajakata kona.

Asubuhi nilikuwa na majirani kwenye mtaro, tunatoa mchanga, mimi na koleo langu. Mkutano wa kufunga kazi haujaisha vizuri nikasikia honi. Hazikuwa honi za kawaida. Zilikuwa zile za harusi, pii-pi-pi-pii. Nikaruka mtaro, nikakimbia na koleo mkononi, nikasimama katikati ya njia nikilipunga juu kwa nguvu zangu zote.

Mnafikiri walisimama? Walidhani nawashangilia! Tigre akaruka kutoka kwenye pikipiki yake, akashika ncha moja ya koleo, akaanza kucheza nami. Napiga kelele "Rudini! Rudini!" na honi zinameza sauti. Watoto wa mtaa wote wakatoka mbio nyuma ya pikipiki. Pikipiki kumi na saba zikajipanga mbele ya mlango wetu, na ya Bosco mbele, ina beseni la waridi, juu yake furushi la unga, juu ya unga kuku hai amefungwa miguu, anaonekana naye hajaelewa kitu.

Mlango ukafunguka. Solange alikuwa na kanga ya kulalia na nywele hazijachanwa. Pikipiki zikazimwa moja baada ya nyingine.

"Bonjour," akasema. "Munatafuta nani?"

Bosco akavua kofia, akatabasamu mpaka masharubu yakapanda. "Tumekuja kuona mama na mutoto."

Solange akaniangalia mimi. Kumi na saba wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa na matope mpaka magotini na Tigre bado ameshika koleo langu.

"Mtoto hakuishi," nikasema. "Alifariki tumboni. Nimewadanganya nyote wiki nzima. Nilishindwa kulisema."

Sikumbuki nani alimwita Mungu, "Yoo, Mana yanjye." Tigre aliachia koleo likaanguka. Kuku akalia. Nilimtazama Solange nikijua kwamba sasa nimemaliza kila kitu, kwamba huyu mwanamke aliyekuwa amebakiwa na kimya tu, nimemletea nusu ya mji mlangoni wamwone akiwa na kanga.

Bosco hakuniangalia hata mara moja. Alimwangalia yeye.

"Mama iko?" akauliza.

Solange akakaza kanga yake. "Mi niko."

"Basi tulikuja kwa mama." Akageuka nyuma na ile sauti yake. "Ingieni! Na muvue viatu, muko na matope kama nguruwe!"

Wakaingia. Chumba chetu kinatosha watu sita. Walikaa juu ya kitanda, chini, dirishani, wawili walikaa ndani ya beseni mgongo kwa mgongo. Watoto wa mtaa wakajaza mlango. Hakuna aliyejua la kusema, kwa hiyo Tigre akasema atapika uji, na ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi. Aliutupa unga wote kwa mara moja kwenye maji yanayochemka. Akakoroga kwa bidii kama mtu anayesukuma gari. Akampa Solange kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, amepiga goti.

Solange akatazama ndani ya kikombe. Akachukua kijiko, akainua bonge.

"Tigre," akasema, "hii ni uji ao ni viazi ya Kanama?"

"Ni uji, mama. Iko na nguvu tu."

Na hapo kicheko kikamtoka. Kilitoka kidogo, kama pikipiki iliyolala nje kwenye mvua, kikakata, kikawaka tena, na machozi yakaja nacho, akapiga ukuta kwa kiganja. Parkingi nzima ikacheka na kulia bila kujua ipi ni ipi. Akala. Wadogo zangu, alikula yale mabonge yote.

Kisha akafuta mdomo, akasema, "Aliwaambia nini juu yake?"

Nilitamani nijifunike lile beseni.

"Semeni. Mi sina hasira. Aliwaambia nini?"

Bosco akakohoa. "Alisema anafanana na we. Paji."

"Kweli," Solange akasema. "Na nini tena?"

"Vidole vya miguu murefu," mwingine akasema, "kama vya Tanzania."

"Kweli! Nilimuona. Kama vya nyani. Na nini tena?"

"Analia bass," Tigre akasema kwa sauti ndogo.

Solange akafikiri. "Ile sijui," akasema. "Lakini tumboni alikuwa anapiga mateke kila nikisikia muziki ya kanisa. Alikuwa anacheza, ao alikuwa anakataa, sijui. Na mkono wake wa kulia alikuwa ameukunja hivi." Akaonyesha. Watu wazima kumi na saba wakautazama mkono ule uliokunjwa. Yeye akaendelea. Alisema mambo ambayo mimi sikuyajua, mimi baba yake. Alisema mpaka uji ukapoa.

Mtoto wa Mama Belise, msichana wa miaka sita, alikuwa amevumilia mlangoni vya kutosha. "Sasa jina tunaita saa ngapi?" akauliza. Mama yake alikuwa nyuma yake, akamvuta sikio. Solange akasema, "Muache. Kuja hapa, sha. Tigre, wape watoto uji, wale wenye meno."

Basi watoto wakakaa kwenye mkeka kama inavyotakiwa, wakala, na kila mmoja akataja jina. Mmoja alisema Malaika. Mmoja alisema jina la mbuzi wao. Wa Mama Belise alisema Kuku, kwa kuwa alikuwa anamtazama. Tigre akaomba ruhusa, akasema Première. Solange alipokea kila moja, anatikisa kichwa kwa heshima, anasema asante.

Kisha wote wakanigeukia, maana baba ndiye anayetaja. Niliwaza yale niliyoyasema wiki nzima, nikaona mdomo wangu umeshatumika vya kutosha.

"Mama yake atamtaja," nikasema.

Solange akatazama mikono yake. "Mi nilikwisha kumuita," akasema. "Siku ile ile, ku hospitali. Anaitwa Keza. Sikuwa na mutu wa kumwambia."

"Keza," Bosco akasema. Na wote wakasema, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake, Keza, Keza, mpaka likapita mlangoni kwa watoto na kwa Mama Belise, ambaye alilisema huku ameshika kinywa. Mwanamke yule alirudi kesho yake asubuhi, akakaa kati ya magoti ya Solange, akasema, "Nisuke, nina hadithi ya mtu."

Mnataka kujua kama alinikasirikia. Alinikasirikia sana. Niliosha vikombe vya watu kumi na saba peke yangu, na nilipomaliza akasema, "Siku ingine ukipata furaha ya uongo huko, leta na nyumbani kidogo." Nilimwomba msamaha na siku ile tukaongea mpaka sauti zikakauka. Baadaye walikuja wavulana wawili, wanakula kama nzige, nawapenda kufa. Lakini hawakuja kukalia kiti cha mtu. Keza ni wa kwanza. Tukiulizwa watoto wangapi, tunasema watatu, na anayetaka kuuliza zaidi anauliza, tuna la kumwambia.

Tangu hapo parkingi yetu ikawa na mtindo huu, na nyinyi mlioingia majuzi hamjaambiwa, ndiyo sababu ya maneno yangu yote. Miaka miwili iliyopita alikuwa Tigre. Mke wake alikuwa na miezi minne. Asubuhi Tigre alikuja, akavua kofia, akasema moja kwa moja, "Shefu, yetu imetoka," na akasimama hapo kama mtu anayesubiri kupigwa. Bosco alishastaafu, shefu nilikuwa mimi. Nikamwambia tunakuja saa tano. Nikampitia Solange.

Mke wa Tigre alifungua mlango kidogo tu, jicho moja. "Nyie mumekuja kufanya nini?" akasema. "Hakuna mutoto hapa. Ilikuwa miezi ine tu. Hata hakuna kitu ya kuona."

Wengi wetu tulianza kurudi nyuma. Miezi minne, nani anajua la kusema? Solange akapenya kati yetu, akavua viatu pale kizingitini.

"Tumekuja kuuliza," akasema. "We ulimujua wa kwanza, mbele ya sisi wote. Alikuwa anakufanya utamani kula nini?"

Jicho likatazama.

"Udongo," sauti ikasema kutoka ndani. "Na samaki ya isambaza, mubichi. Tigre alikuwa anataka kutapika." Kisha, kidogo zaidi, "Ingieni."

Kwa hiyo, wadogo zangu, msiniulize mtasema nini mkifika. Sisi hatukujua, na bado hatujui. Zimeni pikipiki, vueni viatu, mwulizeni mama mtoto wake alivyokuwa, kisha nyamazeni mumsikilize. Na uji apike mtu mwingine, si Tigre.